Tuta la Felista

Ijumaa, mwezi wa Juni. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba tangu alfajiri, jua halikuonekana hata dakika moja, na mimi niliamka na hasira na ninaandika nikiwa na hasira ile ile. Ndizi ziko jikoni. Kuni zimelowa, kwa hiyo zitachelewa kuiva, na mimi nina muda.

Daftari hili lilikuwa la kuandalia somo la kilimo. Wiki hii nimepokonywa somo lenyewe, basi acha kurasa zilizobaki zibebe haya.

Nianze na karoti. Bila karoti, hasira yangu itaonekana ya mtu aliyepungukiwa.

Ni mwaka wa pili sasa tangu Mwalimu Mkuu anikabidhi bustani ya shule. Alinikabidhi jinsi watu wanavyomkabidhi mtu mbwa wa marehemu, kwa haraka na bila kumtazama usoni. Tangazo la Elimu ya Kujitegemea lilikuwa limeshabandikwa ofisini, na mkaguzi alisema safari ijayo anataka kuona mboga, si tangazo. Kipande chenyewe kiko nyuma ya madarasa. Upande wa juu kina kivuli cha migrevilea. Katikati unapita mfongo, mfereji waliochimba babu zetu kuleta maji kutoka mlimani. Upande wa chini kuna kona ambako watu wa barabara walimwaga kokoto zao zilizobaki, wakaondoka.

Niligawa matuta kwa kura. Kila mtoto wa darasa la tano alipata tuta lake, wasichana na wavulana, na sikufikiri kwamba nimefanya jambo la ajabu. Nilikuwa na pakiti za mbegu ya karoti za aina moja, nikazichanganya kwenye bakuli moja, nikawapimia kwa kizibo cha soda. Nilitaka waone kwa macho yao kwamba mbegu ya bakuli moja ikienda sehemu tatu inatoka vitu vitatu.

Felista aliokota karatasi ya kona ya kokoto. Aliitazama karatasi, akaitazama kona, akaenda kuchukua jembe.

Felista ni mtoto wa pekee wa mama mjane anayekaa kwenye njia ya kwenda parokiani. Baba yake alifariki mtoto akiwa darasa la pili. Kihamba chao, yaani lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kinapakana na kihamba cha Mzee Aloisi, ambaye ni kaka mkubwa wa marehemu, na ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati ya shule. Jina hilo nitalirudia sana hapa, na kila mara kalamu itakwaruza.

Muhula wa kwanza karoti zilitoka kama nilivyotaka, yaani kila moja na tabia yake. Za kivulini zilikuwa na majani marefu ya kupendeza na chini ni vijiti vyembamba kama penseli. Za karibu na mfongo zilinenepa vizuri. Za Felista zilitoka na miguu miwili, nyingine mitatu. Moja ilikuwa suruali kabisa, ikapitishwa dawati hadi dawati, watoto wakacheka mpaka wakalia. Mzazi mmoja aliyepita njia alisema mbegu za siku hizi ni mbovu. Mwingine akasema mkono wa mtoto ndio mbaya. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeuliza habari za udongo, na hawa ni watu wanaoishi kwa udongo.

Felista ndiye aliyeuliza. Alipekecha udongo wa tuta lake kwa vidole, akatoa kokoto, akaiweka kwenye maungio ya ile suruali. Ikakaa pale pale. "Mwalimu, imegonga jiwe ikatafuta njia nyingine," akasema. Nilimwambia aandike sentensi hiyo kwenye daftari lake, na mimi nikaiandika kwenye langu.

Muhula wa pili alitoa kokoto moja moja kwa kijiti. Alizipanga pembeni mpaka zikawa kiukuta cha kufika magotini. Halafu akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa huku angelifanya. Alibeba mbolea ya ng'ombe wa mama yake kwenye kikapu, kichwani, asubuhi baada ya asubuhi, ikiwa bado na mvuke, akaijaza kwenye tuta. Kwetu ng'ombe anakaa bandani, hatembei. Mbolea inatoka chini yake asubuhi na kwenda moja kwa moja shinani mwa mgomba, na mgomba unaipenda hivyo hivyo mbichi. Nilimwona akipita na kikapu kila siku na nikamsifu mbele ya wenzake.

Karoti zikatoka na miguu tena. Safari hii na ndevu juu.

Hapo nilichanganyikiwa, maana kokoto hazikuwepo. Chuoni walitufundisha kupanda kwa mistari na kupima nafasi kwa kamba. Habari za karoti yenye ndevu hawakuzigusa. Nilikwenda kumuuliza mtawa mmoja mzee anayelima bustani ya misheni. Alinicheka vizuri tu, akaniambia karoti si mgomba. Mbolea mbichi inaichoma na kuichanganya akili. Iache ioze muhula mzima, igeuzwe, ipoe, iwe haina harufu, ndipo uitie. Niliporudi niliwaambia watoto kwamba mwalimu wao alikosea na kwamba wote tulikuwa tunalisha karoti chakula cha migomba. Walifurahi kupita kiasi. Nadhani ni somo la pekee ambalo hakuna atakayelisahau.

Felista alianza lundo lake la mbolea siku ile ile, akalifunika kwa majani ya migomba.

Nieleze na hili la binamu yangu, maana linanitia uchungu zaidi. Binamu yangu anafanya kazi kule chini kwenye mashamba ya miwa. Nilimpa mbegu kidogo kutoka bakuli lile lile, akaziotesha nyuma ya nyumba za wafanyakazi, kwenye joto na udongo wa chumvichumvi. Aliniletea karoti zake kwenye mfuko wa sukari. Zilikuwa zimepauka, ngumu katikati. Nilizikata vipande na za kwetu vipande, watoto wakaonja wamefumba macho, na kila mmoja alijua ipi ni ya baridi ya mlimani na ipi ni ya joto la chini. Kisha wakaanza kubishana wenyewe kuhusu nini kingefanyika kule chini: kivuli, maji ya jioni, majani ya kufunikia. Walibishana mpaka kengele ikapigwa na hakuna aliyeondoka. Nimefundisha miaka kumi na moja na sijawahi kuona watoto wakiikataa kengele.

Hayo ndiyo waliyonipokonya.

Masale, ile mimea yetu ya mipakani, sikuyapanda mimi wala sikuyafundisha. Asubuhi moja nilikuta masale manne kwenye pembe nne za tuta la Felista, vikonyo vidogo vyenye majani marefu, amevikata nyumbani kwao na kuvichomeka. Kufika wiki iliyofuata kila tuta lilikuwa na yake. Watoto wa huku wanazaliwa wakiyaona masale kwenye mipaka. Mtu akiwa na chake anaweka isale pembeni, basi, hata mwizi anajua hapa kuna mwenyewe. Nilipita katikati ya matuta yale nikajiona tajiri.

Jumatatu ilikuwa siku ya wazazi. Mzee Aloisi alikuja na koti lake la kanisani na fimbo. Karoti za Felista zilikuwa tayari, safari hii ndefu na nyoofu, laini kama zimepigwa msasa. Nusu ya tuta alikuwa amevuna, nusu nyingine ameotesha upya, na miche ilikuwa imechomoza juzijuzi tu, mifupi kuliko kucha. Mzee alichukua karoti moja, akaifuta kwenye koti, akaitafuna.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, Baba Mkubwa," Felista akasema.

Alicheka. Alifurahi kwa kweli, hilo siwezi kumnyima. Akawaambia wazazi kwamba damu ya ukoo wao haijawahi kushindwa na jembe. Halafu fimbo yake ikagusa isale la pembeni, akaliona.

Akauliza nani kapanda. Felista akasema ni yeye.

Mzee Aloisi ana magoti mabovu. Kanisani huwa anapiga goti moja tu, na hilo kwa shida. Siku ile aliinama mara nne. Aling'oa masale yote manne, akayatupa njiani mbele ya wazazi na mbele ya shule nzima. "Mtoto wa kike hapandi isale," akasema. "Anapanda la nani?" Kisha akamgeukia Mwalimu Mkuu, akasema bustani ni ya kuwaandaa watakaokuwa na vihamba, na wasichana wafundishwe kufagia, kuchota maji na kushona, mambo yatakayowafaa huko watakakokwenda. Mwalimu Mkuu akatikisa kichwa kukubali. Halafu wote wawili wakanitazama mimi.

Nilisema, "Sawa, Mzee."

Nimeandika hapa ili nisiweze kujidanganya baadaye. Sikusema kitu kingine chochote. Nilikuwa na chaki mkononi, nikaivunja vipande viwili, nikasema sawa. Felista alinitazama kidogo, kisha akaenda kuokota karoti ambayo Mzee hakuimaliza.

Mimi nami niliwahi kubeba mbolea. Kibosho, kwa baba yangu, mimi ndiye niliyekuwa nikiamka. Kaka zangu wawili walikuwa na usingizi mzito sana wakati wa kikapu, na macho makavu sana wakati wa kugawana. Baada ya msiba wazee walikaa, wakapima kwa hatua, wakaweka masale, na mimi nikaambiwa nitapata huko nitakakoolewa. Sijaolewa. Ninaishi kwenye nyumba ya mwalimu yenye mlango usiofunga, na nje nimepanda sukuma wiki kwenye ardhi ya serikali. Siku ile ya kugawana pia nilisema sawa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilidhani ndiyo adabu.

Jumanne somo likaondolewa mikononi mwangu na matuta yakagawiwa upya, wavulana peke yao. Tuta la Felista akapewa mvulana wa darasa la nne ambaye hajawahi kushika karoti isipokuwa kwa kuila. Simlaumu, hakufundishwa. Jumatano aliambiwa apalilie, akapalilia. Miche yote ile midogo aliiona magugu, akailima, akasawazisha vizuri kwa reki, akaja kuniita nione kazi yake. Tuta lilikuwa safi kama meza. Wakati huo Felista alikuwa anafagia mbele ya ofisi, na kutoka pale anaona bustani yote.

Hakulia. Alifagia sehemu ile ile mara tatu.

Sasa yakatokea ambayo hata mimi, pamoja na hasira zangu, yalinichekesha. Watoto wa madarasa ya chini walianzisha mchezo. Mmoja anajifanya Mzee Aloisi, anashika kiuno, anainama kwa kuugulia, anang'oa. Walianza na masale ya bustani, yakaisha. Wakaendelea nayo njiani kwenda nyumbani. Kufika Jumatano jioni walikuwa wamekwishang'oa isale la kweli kwenye mpaka wa kweli kati ya majirani wawili waliogombana miaka mingi mpaka wakalipanda lile. Walipoulizwa walisema walimwona mwenyekiti akifanya. Majirani wale walikaribia kushikana mashati.

Jana wazee wakamkalia Mzee Aloisi kikao. Sikuwepo, wanawake hatuitwi, lakini Mwalimu Mkuu alikuwepo na mdomo wake haufungi, kama mlango wa nyumba yangu. Walimwambia kwamba mtu mzima hang'oi isale mbele ya watoto, hata awe na sababu gani, maana kesho watoto hao hao watang'oa la kwake. Wakamtaka asafishe jambo hilo.

Leo asubuhi, saa nne, Mwalimu Mkuu aliingia darasani kwangu anatabasamu. Alikuwa amebeba kitu kwenye gazeti. Akalifungua mezani. Lilikuwa isale, na jani lake moja limefungwa fundo.

Kwa mtu asiye wa huku nisingeweza kueleza kilichonipata. Isale lenye fundo ni radhi. Mtu akikukosea akaleta isale, umemaliza. Hata kama amekuchomea nyumba, hulirudishi. Bibi yangu alikuwa akisema anayelikataa isale anabaki na kosa lile mgongoni mwake, na anayeomba akalirudia kosa baada ya isale kupokelewa, huyo hakuna atakayekunywa naye tena. Sisi ni wakristo, tunaungama kila Jumamosi, lakini bado sijamwona mtu wa mlima huu anayethubutu kuchezea isale.

"Mzee ameleta mwenyewe mpaka getini," Mwalimu Mkuu akasema. "Haya Mwalimu, mambo yameisha."

Watoto wote arobaini walikuwa wananitazama. Nililipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Nikasema nimepokea.

Nikauliza, na matuta?

Akasema matuta ni suala lingine, kamati imeshaamua.

Hapo ndipo hasira ilinipanda mpaka masikioni, na ndiyo hii ninayoiandika. Ameomba radhi kwa kung'oa. Kwa kunyang'anya hakuomba. Na ameniomba mimi, mtu mzima, mwalimu mwenye mshahara, ambaye sikunyang'anywa tuta lolote. Mtoto aliyetoa kokoto za barabara ya serikali kwa kijiti hakuombwa kitu. Na mimi nimefungwa mdomo, maana nikisema neno moja nitaambiwa nimeshapokea isale. Walijua. Wamechukua kitu kizuri kuliko vyote tulivyo navyo wakakitumia kama kizibo.

Nilikaa nalo mezani vipindi vitatu. Nilifundisha sehemu za hesabu nikiwa silioni darasa. Mara ya tatu nilipolitazama ndipo nikaliona.

Mzee hakuleta jani tupu. Mtu wa heshima yake hawezi kutuma jani lililochanwa, angeaibika. Alikata kilele kizima, na shina lake la urefu wa shubiri, lenye vifundo viwili chini, bichi kabisa. Na mimi ndiye mwalimu wa kilimo, au nilikuwa. Isale halitaki mizizi. Lichomeke penye udongo wenye unyevu, ligandamize, litashika lenyewe.

Saa nane, wengine walipokwisha kwenda, nilimwita Felista aache ufagio. Nikamwonyesha. Nikamwambia ni la Baba yake Mkubwa, la radhi, na kwamba mimi nimelipokea kwa sababu lililetwa kwangu lakini lilipotea njia, lilikuwa la kwake. Nikamwambia alichukue akalichomeke kwenye pembe ya tuta lake, tuone nani ataling'oa. Nilikuwa na furaha mbaya.

Felista alilishika, akaligeuza, akaangalia vifundo vya shina.

"Mwalimu, tuta si langu tena," akasema. "Naomba nikalipande nyumbani."

Nikamuuliza nyumbani wapi.

"Mpakani kwetu na Baba Mkubwa, pale njiani. La zamani lilikufa mwaka ule baba alipokufa. Mama hajaweka jingine." Akaongeza kwa sauti ile ile aliyotumia kunieleza habari za kokoto, "Kila mwaka anapanda mstari mmoja wa migomba upande wetu. Nimehesabu, ni mitatu."

Nilikaa kwenye dawati. Mwaka mzima na nusu nilidhani ninamfundisha karoti. Alikuwa akitoka pale kila jioni anakwenda kuutazama mpaka wa kwao, na yale masale manne hayakuwa mchezo hata siku moja. Mzee aliliona hilo Jumatatu kabla yangu mimi. Ndiyo maana aliinama na magoti yale.

Tulikwenda pamoja. Sikutaka aende peke yake, na kusema kweli sikutaka kukosa. Mama yake alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nilimweleza yote, hata lile la kusema sawa. Alisikiliza akiwa amesimama na mundu, akaniuliza, "Mwalimu, unajua unachokifanya?" Nikamwambia sijui vizuri. Akaweka mundu chini, akaenda kuchota maji kwenye mfongo.

Felista alipima. Alianza kwenye mti wa mpakani wa juu, akatazama mpaka jiwe la chini, akasimama katikati ya njia pale ambapo kisiki cha isale la zamani bado kinaonekana ukiinama. Alichimba, akatoa mawe mawili, akayaweka pembeni. Alileta mbolea kwenye ganda la nazi. Kwanza aliinusa. Ilikuwa imeoza, haina harufu. Nikataka kucheka na nikataka kulia, kwa hiyo nikashika kibuyu cha maji nikatulia.

Lilipokwisha kusimama, fundo liko juu, linaonekana vizuri, Mzee Aloisi akatokea. Huwa anapita hapo kila siku saa kumi akitoka dukani. Leo alikuwa na kipande cha sabuni mkononi, nadhani alikaa kwenye foleni. Alitutazama sisi watatu kwanza. Halafu akaliona isale. Halafu akaliona fundo.

Alilitambua. Mtu anajua fundo alilolifunga mwenyewe asubuhi.

"Shikamoo, Baba Mkubwa," mama Felista akasema, taratibu kabisa. Felista naye akaamkia. Na mimi nikaamkia, nikasema, "Mzee, tumelipokea. Tumelipanda pale lilipokosekana."

Fimbo yake ilikuwa upande wetu, ndani ya ile mistari mitatu ya migomba, na mguu wake mmoja pia. Alifungua mdomo. Nikajua neno linalokuja, nikajua pia kwamba hawezi kulisema, siyo wiki hii, siyo baada ya kikao cha jana. Alimtazama Felista. Mtoto hakuinamisha macho na hakuyakaza. Alimtazama tu kama anavyotazama tuta, kuona linahitaji nini.

"Marahaba," Mzee akasema.

Akaondoa fimbo. Akaondoa mguu. Akarudi hatua moja upande wake, akaendelea na njia, na hakugeuka.

Mama Felista aliketi chini pale pale kwenye udongo uliolowa.

Sasa ndizi zimeshikana chini ya sufuria, nimesikia harufu. Nitazila hivyo hivyo. Hasira haijaisha, na sitaki iishe. Ile mistari mitatu ya migomba bado imesimama upande usio wake, na sijui nani ataing'oa wala lini. Tuta bado ni tupu kama meza. Wasichana kumi na tisa bado wameshika fagio kwa sababu mtu mmoja alimwogopa mmoja wao. Na isale likishika au likikauka litategemea na maji, na mvua, na mbuzi wa watu, kama kila kitu kingine.

Sitaki kuandika kwamba watoto ni kama karoti. Padri ameshalisema hilo mara nyingi na karoti zake hazina mawe. Ninachojua ni kwamba Felista aligonga jiwe, na hakutafuta njia nyingine. Alilitoa.

Mimi je, mwenye miaka thelathini na nne?

Jumatatu, kabla ya kengele, ninaingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu na daftari lenye majina kumi na tisa na ramani ya matuta. Atanikumbusha kamati. Atanikumbusha isale. Atanitazama kwa yale macho yake ya kusubiri.

Sitasema sawa.